Uliza Chini Kabla ya Kutia Nanga

Ndugu Wanachama,

Kila msimu wa karafuu unapokaribia, mazungumzo yetu huwa ni ya bei, ya magunia, ya majamvi ya kuanikia na ya ujira wa wachumaji. Mambo hayo yote yana haki ya kuzungumzwa. Lakini liko jambo moja ambalo aghalabu hatulitaji mpaka siku linapotufika, nalo ni nanga. Wako wenzetu wengi wenye hisa katika mashua au jahazi, na wako wasio na hisa ambao hukodi. Barabara za gari zimeongezeka, tunashukuru, lakini bado wako wakulima ambao karafuu zao, wachumaji wao na vyakula vyao hupita baharini, khasa wale wa visiwa vidogo na wa vijiji vilivyo ndani ya ghuba.

Hebu tufikiri. Mkarafuu hukaa kama miaka 6 mpaka 8 tangu kupandwa kabla haujaanza kuzaa. Mwenye shamba hupalilia, huchuma shada kwa shada kwa mkono, huchambua vikonyo, kisha huanika kwa siku kadhaa huku roho yake iko mawinguni akiogopa mvua. Karafuu iliyokwisha kauka ikaingiwa na maji ya chumvi haina daraja tena. Kazi ya miaka yote hiyo huweza kupotea usiku mmoja, bila ya moto wala mwizi, kwa kuwa tu chombo kilichotiwa nanga mbele ya kijiji kilikokota nanga yake watu wamelala, kikapanda mwamba. Na tukitaja magunia tusisahau kwamba ndani ya chombo hulala watu pia.

Neno ninalotaka kulieleza katika kurasa hizi ni moja. Nanga haishiki kwa uzito wake peke yake. Hushika kwa namna inavyopatana na ardhi iliyo chini ya maji. Kwa hivyo mtu anayenunua nanga, na nahodha anayetaka kuitia, asianze kuuliza, "Ina kilo ngapi?" Aanze kuuliza, "Chini pana nini?"

Jambo hili si la watu wa pwani tu. Tumchukue mfugaji wa Bashay, kule Mbulu katika Mkoa wa Manyara, mbali kabisa na bahari. Akitaka kumfunga ndama malishoni hutafuta kigingi. Penye udongo mgumu, kigingi kifupi chenye ncha kali kinamtosha. Penye udongo uliolowa mvua, kigingi kile kile ndama atakivuta kama anayevuta mchicha bustanini. Hapo hutakiwa kigingi kirefu au kipana. Na penye mawe matupu hapapigiki kigingi. Kamba hufungwa kwenye jiwe lenyewe. Ndama ni yule yule na kamba ni ile ile. Kilichobadilika ni ardhi. Nanga nayo ndivyo ilivyo, ila tofauti yake ni kuwa mfugaji anaiona ardhi yake, na sisi yetu imefunikwa na maji.

Uzito ndani ya maji

Wako watu hata leo ambao nanga yao ni jiwe lililofungwa kamba. Kwa mtumbwi wa mvuvi mmoja, siku ya shwari, jiwe hufaa. Lakini tujue linavyofanya kazi. Kila kitu kikizama hupungua uzito kwa kadiri ya maji kinayoyasukuma. Jiwe la kawaida hupoteza zaidi ya thuluthi ya uzito wake likiwa baharini, na jiwe la tumbawe lenye vitundu hupoteza zaidi ya hapo. Chuma hupoteza kama sehemu moja tu katika nane. Tena jiwe halina kucha. Upepo ukizidi hujiburuta tu juu ya mchanga. Nanga ya chuma ya kilo 10 yenye mabapa mapana, ikijizika vizuri mchangani, hushika chombo kuliko jiwe la kilo 100.

Wazee waliotutangulia walilijua jambo hili. Huko Kilwa wachunguzi wa mambo ya kale wameona chini ya maji nanga ya jiwe ya namna iliyotumiwa zamani na vyombo vya Bahari ya Hindi. Namna hii ya nanga ni jiwe refu lililochongwa, lenye tundu la kamba upande mmoja na matundu mengine upande wa pili ya kupitishia miti. Miti ile ndiyo iliyokuwa kucha zake. Basi hata wao hawakutegemea uzito wa jiwe peke yake. Waliona haja ya kitu cha kuuma ardhi.

Namna ya kuijua ardhi ya chini

Ziko njia tatu, na mtu mwangalifu huzitumia zote.

Ya kwanza ni bildi. Bildi ni risasi iliyofungwa kwenye kamba yenye alama za pima, na kazi yake inayojulikana ni kupima kina. Lakini ina kazi ya pili ambayo vijana wengi wanaisahau. Chini ya risasi huwa pana kishimo. Humo hutiwa shahamu au sabuni laini. Bildi ikifika chini, hupanda na habari: ikiwa ni mchanga, chembe zake zitanata, ikiwa ni tope, utaliona na kulinusa, ikiwa ni mwamba, shahamu itapanda tupu au imekwaruzwa. Asiye na risasi anaweza kutumia kipande chochote cha chuma kizito.

Ya pili ni macho. Katika maji yetu maangavu, jua likiwa juu na nyuma yako, mchanga huonekana mweupe au wa kijani kibichi cha kung'aa; majani ya baharini huonekana kama kivuli cheusi; na matumbawe huwa na rangi ya kahawia yenye mabaka. Jioni jua likiwa usoni mwako, njia hii haina faida. Ndiyo maana nahodha mwema hapendi kuingia mahali asipopajua baada ya alasiri.

Ya tatu ni mkono. Nanga ikisha tiwa, shika amari kwa kiganja. Ikiwa inatetemeka na kushtukashtuka, nanga inarukaruka juu ya mwamba au changarawe na haijashika. Ikiwa inateleza polepole bila ya mshtuko, inakata tope. Ikiwa imekaza ikatulia, imeuma.

Nanga gani kwa ardhi gani

Mchanga. Hapa ndipo mahali pazuri kuliko pote, na Mungu ametujaalia mchanga mwingi. Kwenye mchanga nanga inayofaa ni ile inayojizika. Ziko namna mbili mashuhuri. Moja ni nanga ya mabapa mawili yanayochezea kwenye bawaba, iliyotengenezwa na Mmarekani Richard Danforth karibu na mwaka 1940, ikatumiwa sana katika vyombo vya kuteremshia askari pwani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ya pili ni nanga yenye umbo la jembe la kukokotwa, iliyobuniwa mwaka 1933 na mtaalamu wa Kiingereza Geoffrey Ingram Taylor. Zote mbili kadiri zinavyovutwa ndivyo zinavyozidi kuzama. Nanga ya kucha nne, tuliyoizoea, kwenye mchanga hushika kwa kucha mbili tu, nazo ni nyembamba. Hupita mchangani kama kitana kwenye nywele.

Tope. Ghuba za upande wa magharibi wa Pemba zimeingia ndani ya nchi, zimezungukwa na mikoko, na chini yake aghalabu ni tope. Tope hushika vizuri au vibaya kwa kadiri ya upana wa kinachozikwa. Nanga ya mabapa mapana ndiyo yake. Lakini tope lina adabu yake: halitaki haraka. Ukitia nanga ukaivuta kwa nguvu papo hapo, utaikokota juu ya ute. Iache itulie kwa muda, kisha ivute polepole, kisha ongeza. Na wakati wa kung'oa usishindane nayo. Simamisha amari wima juu yake, ifunge, ungoje mawimbi yakinyanyua chombo yaifungue yenyewe.

Majani ya baharini. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Ghuba ya Chwaka, kwa mfano, ina mashamba makubwa ya majani haya. Nanga nyepesi ya mabapa huteleza juu ya majani, au huchota fungu la majani na mizizi ikajaa, isifike kwenye mchanga. Mtu huiona imekaza kidogo akadhani imeshika, kisha upepo wa usiku ukaja. Panapokuwa hapana budi, baura lenye ncha kali na uzito wa kutosha ndilo litakalochoma majani mpaka chini. Lakini lililo bora ni kutafuta uwazi mweupe wa mchanga baina ya majani na kutia hapo. Utasalimika wewe, na yatasalimika majani, ambayo ndiyo malezi ya samaki wadogo.

Changarawe na ardhi ngumu. Hapa mabapa hayaingii, na nanga ya jembe hukwaruza. Baura, yaani nanga kubwa ya kucha mbili yenye mti wa kukingama juu, hufaa zaidi, kwani mti ule huilaza nanga ili kucha moja ielekee chini daima. Ila tuangalie aibu yake: kucha ya pili hubaki imesimama juu. Maji yanapogeuka na chombo kikazunguka, amari huweza kujisokota kwenye kucha ile na kuing'oa nanga. Mwenye baura aamke na aitazame kila maji yanapogeuka.

Mwamba. Penye mawe yenye nyufa, nanga ya kucha nne ndiyo bwana. Inakamata kwenye ufa wala haihitaji kujizika. Khatari yake ni kunasa isitoke. Wavuvi wanaotengeneza nanga zao kwa nondo wana hekima hapa, kwa sababu nondo ikivutwa kwa nguvu hukunjuka, nanga ikatoka, kisha wakaikunja tena nchi kavu. Njia nyengine ni kufunga amari kwenye kisigino cha nanga, chini kabisa karibu na kucha, kisha kuipandisha sambamba na mti wa nanga na kuifunga juu kwa uzi mwembamba. Nanga ikinasa, vuta kwa nguvu kutoka juu yake; uzi utakatika, na nanga itavutwa kwa kisigino, kinyume cha ilivyoingia. Namna hii ni ya kusimama kwa muda mfupi mchana watu wakiwa macho. Usilale usiku ukitegemea uzi. Njia ya tatu ni kamba nyembamba iliyofungwa kisiginoni na chilezo kikaelea juu ya maji; hiyo ni salama zaidi, tena inakuonyesha nanga yako ilipo.

Kutokana na haya mtasema, "Katibu, unataka tununue nanga tano?" Hapana. Chombo cha kuchukua mizigo kiwe na mbili. Moja ya kujizika, ya mabapa au ya jembe, kwa ajili ya mchanga na tope. Na moja ya kukamata, ya kucha nne au baura, kwa ajili ya mwamba na ardhi ngumu. Chombo chenye nanga mbili za namna moja kina akiba, lakini hakina hiari.

Amari ni nusu ya nanga

Nanga iliyo bora kabisa ikifungwa kamba fupi haina faida. Sababu yake ni hii. Nanga hujizika inapovutwa kwa ulalo, sambamba na ardhi. Ikivutwa kwenda juu hung'oka, na ndivyo tunavyofanya tunapotaka kuondoka. Amari ikiwa fupi, kila wimbi linaponyanyua omo linaing'oa nanga kidogo kidogo.

Kanuni ya mabaharia ni kutoa amari mara 5 ya kina siku ya kawaida, na mara 7 au zaidi upepo ukizidi. Lakini kina kipi? Hapa kwetu maji ya bamvua hupanda na kushuka kama mita 4, yaani zaidi ya pima mbili. Tuchukue mfano. Nahodha amefika maji yamepwa, bildi inamwambia pima 2. Akihesabu mara 5 atatoa pima 10, alale. Maji yakijaa kina kinakuwa pima 4 na zaidi, na tuongeze nusu pima toka usawa wa maji mpaka kwenye omo anapofunga amari. Jumla pima 4 na nusu. Amari yake ya pima 10 sasa haifiki hata mara 2 na nusu ya kina. Alitakiwa kutoa kama pima 22. Chombo chake kitakokota usiku wa manane maji yakiwa juu, saa ambayo kila mtu amelala. Basi tuhesabu maji yaliyojaa, si maji tuliyoyakuta. Na ukitoa amari ndefu, tazama kwanza kama pana nafasi ya kuzunguka bila ya kugonga vyombo vya wenzako.

Tena tuangalie kamba yenyewe. Kamba ya makumbi na kamba nyingi za plastiki za rahisi huelea. Kamba inayoelea huinyanyua nanga badala ya kuilaza, na huweza kukatwa na panka la mashine ya mashua nyengine. Kamba ya nailoni huzama, tena hunyumbuka, kwa hivyo mshtuko wa wimbi hauifikii nanga wote. Na baina ya kamba na nanga pawe na mnyororo, japo wa pima 2 au 3. Mnyororo hufanya kazi mbili: kwa uzito wake hulaza mvuto chini, na hustahimili makali ya mawe ambayo yangeikata kamba.

Kuwa amari ndiyo roho ya chombo kilichosimama, watu wa mwambao walilijua tangu zamani. Mwezi wa Aprili 1498, merikebu za Vasco da Gama zilipotia nanga Mombasa, watu wa mji waliwaendea usiku kwa mitumbwi, wakajitosa majini, wakaogelea mpaka kwenye merikebu iliyoitwa Berrio, wakaanza kukata amari yake. Walinzi wa Kireno, kama ilivyoandikwa katika kitabu cha safari yao, walidhani kwanza wanasikia samaki wakubwa. Waogeleaji wale hawakuwa na mizinga, wala hawakuihitaji. Kisu kilitosha, kwa sababu chombo kisicho na amari huchukuliwa na maji wenyewe wakitazama. Mwamba hufanya kazi ile ile ya kisu, polepole, usiku kucha. Kila asubuhi tuitazame kamba yetu kwa urefu wake wote.

Siku nanga zilipotushinda

Sisi wakulima wa karafuu tunayo sababu yetu wenyewe ya kukumbuka nanga. Tarehe 15 Aprili 1872, siku za Sayyid Barghash bin Said, kimbunga kilipiga Unguja. Merikebu na majahazi yaliyokuwa bandarini yalitupwa pwani au yakazama, na pamoja nayo manowari za Sayyid mwenyewe. Mashambani, upepo ule ule uling'oa sehemu kubwa sana ya mikarafuu na minazi ya Unguja. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa, na baada ya hapo ndiyo iliyoshika nafasi ya mbele kwa karafuu, na mpaka leo inaishika.

Vimbunga ni nadra kwetu kwa sababu tuko karibu na mstari wa Ikweta, lakini nadra si kusema havipo. Mwanzo wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja mpaka pwani ya Tanzania upande wa Mafia, na safari za vyombo baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Katika upepo wa namna hiyo pasiwe na mtu wa kujisifu kwa nanga yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza, chombo kiingizwe ndani ya ghuba iliyofunikwa au kipandishwe pwani mapema, na mizigo iteremshwe. Nanga ni ya pepo tulizozizoea, kusi na kaskazi. Haikuumbwa kushindana na kimbunga.

Mahali pasipotiwa nanga

Pako mahali ambapo nanga iliyo bora ni kutotia nanga kabisa, napo ni juu ya matumbawe yaliyo hai. Tumbawe ni kiumbe. Yale ya mabonge makubwa hukua kama sentimita moja tu kwa mwaka. Bonge lenye kimo cha mtu mzima lina umri mkubwa kuliko mkarafuu wowote tunaouchuma. Nanga moja ya kucha nne, na mnyororo unaozunguka nayo maji yanapogeuka, hulivunja kwa usiku mmoja. Sisi tunaojua uchungu wa kukatiwa mkarafuu unaozaa hatuna udhuru wa kutofahamu jambo hili. Mwamba ulio hai ndio unaotupa kitoweo, na ndio unaovunja mawimbi kabla hayajafika pwani yetu.

Huko Chumbe, mwamba wake umehifadhiwa kwa sheria tangu mwaka 1994. Misali, magharibi ya Pemba, ilihifadhiwa mwaka 1998, na mwaka 2005 hifadhi ikapanuliwa kuwa eneo zima la mkondo wa Pemba. Mahali kama hapo, panapokuwa na chilezo kilichofungwa kwa ajili ya vyombo, tufunge hapo. Pasipo na chilezo, tutafute mchanga ulio pembeni. Wala hii si kazi ya ihsani tu: nanga iliyonasa katika matumbawe ni nanga iliyokwisha potea, na kamba yake ni kamba iliyokwisha katika.

Maji yanapopwa na maji yanapozidi

Nina mambo mawili ya mwisho. La kwanza ni kupwelewa. Upande wa mashariki wa Unguja maji hupwa mpaka chombo kikakaa juu ya mchanga. Chombo kilichotia baura au nanga ya kucha nne huweza kukalia kucha ya nanga yake mwenyewe, na mbao ikatoboka. Shimo lile halionekani mpaka maji yarudi na karafuu zimo ndani. Penye kupwelewa tumia nanga ya mabapa inayolala, au ipeleke nanga mbali kwa miguu maji yakiwa haba, uifukie mchangani kwa mkono.

La pili ni kinyume chake. Katika mkondo baina ya Pemba na bara kina ni mamia ya mita, na hakuna amari ya mashua inayofika chini. Mashine ikizimika pale, nanga haina kazi ya kushika. Lakini kamba yake inayo kazi. Funga tanga kuukuu au vikapu kwenye amari, utupe majini kutoka omo. Mzigo ule utakokota nyuma ya mwendo wa upepo na kukiweka chombo kikielekea mawimbi kwa kichwa, badala ya kupigwa ubavuni. Hakitasimama, lakini kitapunguza mwendo wa kuchukuliwa na hakitapinduka upesi, mkapata nafasi ya kutengeneza mashine au ya kuonekana na wenzenu.

Tunachoombwa kufanya

Wazee wanasema tahadhari kabla ya hatari. Kwa hivyo, kabla gunia la kwanza halijapakiwa msimu huu, kila tawi lenye wanachama wenye vyombo liteue watu wawili waliozoea bahari, nao wapite katika kila chombo kitakachochukua karafuu zetu na kuuliza maswali haya. Je, pana nanga mbili, moja ya kujizika na moja ya kukamata? Je, pana mnyororo japo wa pima 2? Je, amari inafika pima 25 na zaidi, na imetazamwa yote kama haijachubuka? Je, pana bildi, na nahodha anajua kutia shahamu? Je, usiku pana mtu wa zamu mwenye kuweka alama mbili za nchi kavu kwenye mstari mmoja, kama mnara na mnazi, ili zikiachana ajue kuwa chombo kinakokota?

Chombo kitakachokosa mojawapo, mwenyewe aambiwe kwa upole na apewe nafasi ya kukamilisha. Na ikiwa hakukamilisha, wanachama wasipakie. Ujira anaotoza ni ule ule kwa nanga mbovu na kwa nanga nzuri, basi kwa nini tuchague mbovu? Wanahisa nao wasilalamike kwamba fedha za nanga ni fedha zilizotupwa majini. Ni kweli zimetupwa majini. Ndipo mahali pake pa kufanyia kazi.

Majibu ya matawi yaletwe ofisini kwa maandishi, jina la chombo na kilichopungua, kabla ya uchumaji kuanza. Tutayasoma yote mbele ya mkutano wa wanachama, Inshallah.

Wasalaam,
Katibu wa Chama